Maswali ya Wasomaji: Mayai ya Nzi Mnyang'anyi na Maisha Yake ya Udongoni

Tangu mvua za vuli zianze, barua tano zimetufikia kutoka Mwanza na maeneo ya kando ya ziwa, na zote, ingawa kila moja inauliza jambo lake, zinahusu mdudu mmoja katika vipindi tofauti vya maisha yake. Kwa sababu hiyo tumeziweka pamoja katika toleo hili, na tumeyajibu maswali kwa kufuata mdudu mwenyewe anavyokua.

SWALI: Ninalima viazi vitamu na mihogo Igombe. Wiki iliyopita, nikiwa ninapalilia, niliona kwenye bua la nyasi ukingoni mwa shamba kitu cheupe kama chokaa iliyopakwa kwa kidole, urefu wake ukiwa kama kiungo kimoja cha kidole changu. Nilipokikwaruza kwa ukucha, niliona ndani yake vitu vidogo vya rangi ya maziwa vimebanana. Jirani yangu anasema ni mayai ya wadudu waharibifu na kwamba ni lazima nichome nyasi zote za ukingoni kabla hayajaanguliwa. Nifanyeje? (Msomaji, Igombe)

JIBU: Ndugu msomaji, tafadhali usichome kitu bado. Kwa namna ulivyokieleza kitu hicho, yaani weupe wake wa chokaa, mahali kilipo juu ya bua, na mayai yaliyobanana ndani yake, kinalingana sana na fungu la mayai ya nzi ambaye hapa tutamwita nzi mnyang'anyi. Huyu hali majani wala mizizi. Ni mwindaji wa wadudu wenzake, na jina hilo linatokana na kazi yake: hukaa kwenye kijiti au juu ya jiwe lenye jua, akigeuza kichwa kufuata kila kinachopita, kisha huchomoka ghafla, humdaka mdudu hewani kwa miguu yenye miiba, humdunga kwa mdomo mgumu na kumtia mate yanayompooza na kuiyeyusha nyama yake ya ndani, ndipo humnyonya. Ukimtazama kwa karibu utamtambua kwa ndevu nzito usoni, macho makubwa yenye bonde katikati yake utosini, na tumbo refu linalochongoka kuelekea mkiani.

Familia yake, ambayo wanasayansi huiita Asilidae, ina spishi zaidi ya 7,000 zilizokwisha kuelezwa duniani, na si zote zinazotaga kwa namna uliyoiona. Wanaotaga mafungu meupe juu ya mimea ni pamoja na nzi wa jenasi ya Promachus, ambayo ina spishi nyingi barani Afrika. Mimi mwenyewe niliwahi kumtazama jike mmoja akitaga kwenye bua kavu la mtama lililobaki shambani baada ya mavuno, upande wa Malimbe. Alikuwa amelikumbatia bua kwa miguu yote sita, ncha ya tumbo ameibandika kwenye bua, na kwa muda wote huo hakushtuka hata kivuli changu kilipomwangukia, jambo lisilo la kawaida kwa mdudu mwenye macho makali kama yake. Kilichokuwa kikitoka kilikuwa kimelowa na kung'aa kama povu la sabuni. Alipoondoka, mng'ao ulikuwa umeanza kufifia, na nilipopita tena jioni kitu chote kilikuwa kikavu na kigumu, kikiacha unga mweupe kidoleni. Gamba hilo ndilo linaloyafunika mayai na kuyakinga mpaka yaanguliwe.

Utajiuliza, kama nilivyojiuliza mimi siku ile, kwa nini mama apande juu ya bua ilhali watoto wake watakwenda kuishi udongoni. Jambo hili limechunguzwa kwa makini huko Argentina, kwa nzi wa familia hii aitwaye Mallophora ruficauda, ambaye naye hutaga mafungu meupe kwenye mimea mirefu, hata kwenye nyaya za uzio. Watafiti waliona kwamba kimo cha kati ya mita 1.25 na 1.50 ndicho kinachofaa zaidi, kwa kuwa mabuu wachanga wanapoanguliwa huanguka, na upepo huwachukua na kuwatawanya mbali na fungu, kila mmoja akaangukia mahali pake. Yai likitagwa chini mno, mabuu wote wangetua mahali pamoja na kunyang'anyana chakula kilekile. Kwa hiyo bua la nyasi ulilokuwa karibu kulikata limechaguliwa, na nyasi ndefu za ukingoni zinazoonekana kuwa uchafu wa shamba zina kazi ambayo jembe halioni.

Wengine katika familia hii hutaga kwa njia nyingine kabisa. Wapo majike wenye taji la miiba kwenye ncha ya tumbo, ambao huisukuma ncha hiyo mchangani, hutaga humo, kisha huvuta mchanga kufunika tundu. Wapo wanaopenyeza mayai ndani ya mashuke ya nyasi au katika nyufa za miti iliyokufa. Na wapo wale wembamba kama sindano ambao huyadondosha tu mayai huku wakiruka juu ya majani. Mayai ya namna hizo ni vigumu mkulima kuyaona. Yai lenyewe kwa kawaida halifiki milimita 2, na muda wa kuanguliwa ni siku chache hadi wiki kadhaa, kufuatana na spishi na joto.

Kabla hujaamua, lakini, hakikisha hujachanganya. Vunjajungu naye hutaga kwenye bua, lakini mfuko wake ni wa rangi ya udongo au kahawia, umevimba kama povu lililoganda, na ndani una vyumba vilivyopangwa kwa safu. Vidung'ata wa mihogo ni weupe pia, lakini hukusanyika kwenye ncha changa za mmea, ni laini kama pamba, na ukiwagusa kwa kijiti utaona kuwa ni wadudu walio hai wanaosogea. Na kwa kuwa uko karibu na maji, mtazame pia pange, yule nzi mkubwa anayewauma ng'ombe: yeye mara nyingi hutaga kwenye matete au majani yaliyoinamia maji na matope, na mayai yake, ingawa huanza yakiwa meupe, hugeuka haraka kuwa meusi au kahawia yenye kung'aa. Fungu lililo jeupe na kavu, kwenye bua la shamba la nchi kavu, liache mahali lilipo. Ikiwa ni lazima upalilie ukingo huo, likate bua pamoja na fungu lake na ulisimike wima upande wa shamba usioguswa.

SWALI: Nilipokuwa ninatengeneza matuta Misungwi, jembe lilifukua mnyoo mweupe uliochongoka pande zote mbili, hauna miguu, ukijinyonganyonga kwa nguvu. Siku hiyohiyo nilifukua pia mabuu wanene waliojikunja. Nilidhani wote ni wamoja nikawatupia kuku. Je, ndio hao wanaotoboa viazi vyangu? (Mkulima, Misungwi)

JIBU: Ndugu mkulima, barua yako imetufurahisha kwa sababu umetazama, na aliyetazama anaweza kusaidiwa. Hao hawakuwa wamoja. Kwa kweli, ikiwa tumekuelewa sawasawa, ulifukua mwindaji na windo lake siku moja, na kuku wakafaidi wote wawili.

Mabuu wanene waliojikunja mfano wa herufi C, wenye kichwa cha kahawia, miguu sita mifupi karibu na kichwa, na mkia uliovimba unaoonyesha weusi wa udongo ulio tumboni, ni watoto wa mbawakawa. Miongoni mwao wapo wanaokula mizizi ya mazao, na wapo wanaokula samadi na majani yaliyooza tu. Yule mwingine, aliyenyooka, mweupe au wa manjano hafifu, asiye na miguu, mwenye kichwa kidogo cheusi kilichozama nusu ndani ya mwili, anafanana sana na buu wa nzi mnyang'anyi. Mkimweka kwenye kiganja, utaona kwamba hatembei bali anajisukuma: mwilini mwake kuna vivimbe vinavyokaza kwenye udongo kama mtu anayepanda mgomba kwa magoti, na kichwa chake huchomwa mbele na kurudishwa kana kwamba anatafuta mlango.

Anachokitafuta ni mayai, mabuu na pupa (hatua ya kati ya buu na mdudu mzima) wa wadudu wengine, hasa mbawakawa. Sayansi imemfuata kwa karibu zaidi yule wa Argentina niliyemtaja hapo juu. Buu wake akishatua ardhini huingia udongoni, na kwa siku za mwanzo hali kitu. Anaishi kwa akiba aliyotoka nayo ndani ya yai, kisha hujivua ngozi mara ya kwanza akiwa hajaonja chakula. Ni baada ya hapo tu ndipo huanza kuwinda, na kinachomwongoza gizani ni harufu inayotoka katika utumbo wa nyuma wa buu wa mbawakawa, mahali chakula kinapochachukia. Akimpata, hujishikiza juu ya ngozi yake na kumnyonya kidogo kidogo. Spishi nyingine hazijishikizi kwa mmoja bali huzunguka udongoni zikila hiki na kile. Kuna jambo linalonigusa kila ninapolifikiria: mdudu tunayemjua kwa macho yake makubwa hupitisha sehemu kubwa ya uhai wake asikoweza kuona chochote, na huwinda huko vilevile.

Kipindi hicho cha udongoni si kifupi. Kwa spishi nyingi mzunguko mzima hukamilika kwa mwaka mmoja, na kwa baadhi, hasa za nchi za baridi, huchukua miaka miwili hadi mitatu. Nzi mwenye mabawa huishi wiki chache tu. Kwa hiyo ukimpulizia dawa nzi mmoja kwenye kijiti umeua wiki chache, bali ukimwaga dawa ya wadudu udongoni umeua kazi ya mwaka mzima, na mara nyingi mabuu wa mbawakawa ndio wanaorudi kwanza.

Kuhusu viazi vilivyotobolewa, mkosaji wako wa kwanza kushukiwa ni fukusi wa viazi. Pasua kiazi: ukikuta vijia vyenye vumbi la kinyesi, harufu kali na ladha chungu, na ndani yake buu mdogo mweupe asiye na miguu, huyo ni mtoto wa fukusi. Naye hana miguu kama yule wako, na hapo ndipo watu wengi hupotea. Lakini fukusi huishi ndani ya kiazi, ni mfupi na mnene kidogo, wala hachongoki pande zote. Buu wa nzi mnyang'anyi hukutwa udongoni na hana haja na kiazi. Dawa ya fukusi, kwa mkulima wa udongo wa luseni ambao ni mwepesi na unaporomoka upesi, ni kupandishia udongo matuta mara kwa mara ili nyufa zisifunguke na kumpa njia, kutumia mbegu ya marando safi, na kuvuna mapema kabla ardhi haijakauka sana.

Hatukulaumu kwa kuku. Hata yangeyange wanaofuata plau nyuma ya maksai hawachagui. Tunachokuomba ni kwamba safari nyingine, ukiona aliyenyooka asiye na miguu, umrudishe tutani na kumfukia kiasi cha kiganja kimoja.

SWALI: Kwenye kenchi za nyumba yetu Ukerewe kuna nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao. Siku hizi ninaona mdudu mwingine mweusi mwenye manyoya, anafanana nao sana, lakini hukaa tu karibu na matundu bila kutoboa. Ni dume lao? (Msomaji, Ukerewe)

JIBU: Ndugu msomaji, huenda si nyuki hata kidogo. Afrika ina nzi wanyang'anyi wa jenasi ya Hyperechia ambao hufanana na nyuki watoboa mbao kwa unene, kwa manyoya na kwa rangi, na mabuu wao huishi ndani ya vijia vya nyuki hao wakiwala watoto wao. Mhesabie mabawa anapotulia: nyuki ana jozi mbili, nzi ana moja. Mtazame na usoni, kwa kuwa nzi atakuwa na zile ndevu. Ikiwa ni yeye, ana faida kwa kenchi zenu, ingawa hatatosha peke yake. Matundu ya zamani yazibwe na mbao zipakwe rangi, maana nyuki hao hupenda mbao tupu.

SWALI: Nina mizinga sita Sengerema. Kila asubuhi jua likishapanda kuna nzi wakubwa wanakaa kwenye vijiti mbele ya mizinga na kudaka nyuki wangu wanaporudi. Ninyi mnawasifu nzi hawa. Je, nami niyaache mayai yao? (Mfugaji wa nyuki, Sengerema)

JIBU: Ndugu mfugaji, malalamiko yako ni ya haki na hatutayapunguza. Nzi mnyang'anyi hula nyuki, na baadhi ya spishi huonekana kuwapenda kuliko windo jingine. Huyohuyo wa Argentina, ambaye watoto wake huangamiza mabuu wa mbawakawa udongoni, huhesabiwa kuwa adui na wafugaji wa nyuki wa huko. Mdudu ni mmoja, ila mkulima hukutana na utoto wake na wewe hukutana na utu uzima wake.

Hata hivyo, pima hasara kwa ukubwa wa kundi. Nzi hudaka nyuki mmoja, humnyonya kwa utulivu, kisha ndipo arudi kijitini. Kundi lenye afya lina nyuki makumi ya maelfu, na malkia katika msimu wa maua anaweza kutaga mayai zaidi ya 1,000 kwa siku. Mzinga imara hautaangushwa na nzi watatu; mzinga uliodhoofika kwa njaa, kwa joto au kwa siafu unaweza kuumia, lakini hapo ugonjwa ulikuwa umeanza kwingine.

Tunachokushauri ni kumnyima kiti. Nzi huyu hawezi kuwinda bila mahali pa kukaa penye jua na mandhari wazi. Kata vijiti vikavu na mabua yaliyosimama mbele ya mizinga kwa umbali wa hatua kumi au kumi na tano, na ikiwezekana mizinga ikae penye kivuli chepesi. Mafungu meupe utakayoyaona ndani ya eneo la mizinga yahamishe na mabua yake hadi kwenye mashamba ya mahindi au mihogo yaliyo mbali, ambako mabuu watapata kazi. Usipulize dawa kwa namna yoyote, kwa kuwa dawa inayomuua nzi itamuua nyuki kabla yake.

SWALI: Mtoto wangu wa miaka saba ameokota uani kwetu Nyegezi maganda mawili ya kahawia, matupu, yenye miiba kichwani na kuzunguka mwili. Yalikuwa yamesimama, nusu ardhini na nusu nje. Anayaweka kwenye kiberiti na hataki nimtupie. Yana sumu? (Mama, Nyegezi)

JIBU: Mama, hayana sumu wala hayana mtu ndani. Ni maganda ya pupa, na kwa namna yalivyosimama tunaamini ni ya nzi wanyang'anyi. Buu akishakomaa hageuki pupa ndani ya kifuko kigumu kama afanyavyo nzi wa nyumbani. Hubaki bila kifuniko udongoni, akiwa na miiba hiyo aliyoiona mwanao. Siku yake ikifika, pupa hujinyonganyonga, na miiba hukaza kwenye udongo ili kila mnyonganyo umpandishe juu bila kurudi chini, mpaka nusu ya mwili itokeze nje. Hapo mgongo hupasuka, nzi hujivuta akatoka akiwa mlaini na mabawa yamekunjamana, akakaa kando mpaka yanyooke na kukauka, akaruka. Ganda hubaki limesimama palepale kama kiatu mlangoni.

Nzi mwenyewe hamfuati mtu, lakini akishikwa kwa mkono hudunga kwa mdomo wake, na maumivu yake ni makali kama ya nyigu. Mwambie mtoto amtazame bila kumshika. Maganda mwachie, na ukipata lenzi ya kukuzia mpe alitazame lile lililo zima zaidi upande wa mgongo: ataona ufa alimotokea, na ndani ya ufa huo nyuzi nyembamba nyeupe, ambazo ni bitana ya mirija ya hewa aliyokuwa akipumulia udongoni, iliyovuliwa pamoja na ngozi.